Ngozi ya mgonjwa haisuguliwi: niliyojifunza kwa kuuguza Pemba

Wagonjwa wengi wa kitandani niliowakuta wamebabuka makalio hawakuwa wametupwa. Walikuwa na watoto wanaowapenda, wakwe wanaoamka usiku kuwageuza, na vyumba vinavyofukizwa udi asubuhi na jioni. Ngozi zao ziliharibiwa na mambo mawili yanayofuatana: mkojo na choo kukaa mwilini, kisha mkono wa kuvitoa kuwa mkali. La kwanza kila mtu analijua. La pili ndilo linalonifanya niandike, kwani anayelifanya hulifanya kwa mapenzi na hadhani hata kidogo kwamba anaumiza.

Nilikuwa muuguzi wodini mpaka nikastaafu. Sasa napita majumbani, Wete mjini na vijiji vya upande wa Gando, Mtambwe na Konde, kwa wanaoniita. Wanaoniita huwa wanauguza wazee waliopata kiharusi, watu wa sukari waliokatwa mguu, au mama waliovunjika nyonga wakashindwa kuinuka tena. Baadhi yao hawahisi haja inapokuja. Wengine wanaihisi vizuri tu, ila hawana wa kuwashika mkono hadi chooni.

Nyumba moja ya Konde niliingia wakati wa usafi. Bi mkubwa amelazwa ubavu, kanga imemfunika kifua na mapaja, na bintiye ana dodoki mkono mmoja na kipande cha sabuni ya kufulia mkono wa pili. Kila dodoki likipita, vidole vya miguu vya bi mkubwa vilijikunja. Sauti hakutoa.

"Mwanangu," nikamwambia, "hebu tazama miguu ya mama."

"Naiona, bi nesi. Lakini nikilegeza mkono inabaki harufu, na mama hataki kusali na najisi. Ataniambia sikumtoharisha."

Na kweli, kutoka kwenye mto bi mkubwa akasema, "Nisafishe, mwanangu. Nitavumilia."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo letu. Kwetu usafi wa mgonjwa ni wa mwili na wa ibada pamoja, na anayemuuguza mzazi anaogopa asije kuulizwa kesho kwa nini alimwacha mzee na najisi. Kwa hiyo anasugua. Anasugua mara tano kwa siku, kwa kila sala, kwa sabuni ya mche, na siku harufu ikizidi anatia Dettol ndani ya maji. Mtu huwezi kumwambia tu "acha kusugua" bila ya kumjibu hofu yake. Nilichomjibu yule binti ndicho walichotufundisha masheikh wetu tangu chuoni: najisi ya mkojo na choo huondoshwa kwa maji, sabuni si sharti, na kusugua mpaka ngozi itoke hakumo. Tena kwa madhehebu yetu ya Shafi, asiyeweza kuzuia mkojo hujisafisha, akajifunga kitambaa, akatawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha akasali fardhi yake hata kama kitatoka kitu katikati. Mwenye shaka amuulize sheikh wa mtaani kwake, na amwombe afike nyumbani amwambie mgonjwa mwenyewe. Nimeona wazee wakitua roho kwa kusikia maneno hayo kwa sheikh kuliko kwangu mimi niliyeyasema mara kumi.

Na mila yetu ya kuchamba kwa maji ni neema kubwa katika jambo hili. Maji yanayomiminwa taratibu kutoka kwenye kopo au birika hayana msuguano. Karatasi kavu ina msuguano, na dodoki ndiyo usiseme.

Niwaeleze kinachotokea kwenye ngozi, maana mtu akijua sababu hashiki amri kwa kukariri. Ngozi ya mtu mzima ina uchachu kidogo. Kwa kipimo cha pH, ambacho chini ya 7 ni uchachu na juu yake ni umagadi, huwa kati ya 4 na 6, na uchachu huo unazuia vijidudu visistawi juu yake. Mkojo ukikaa, bakteria huivunja urea iliyomo ikawa amonia, ile ile inayotuwasha pua kwenye shuka la jana. Amonia inaitoa ngozi kwenye uchachu na kuisogeza kwenye umagadi. Choo nacho kina vimeng'enya vinavyoyeyusha protini na mafuta, na hivyo huchangamka pH ikipanda. Ndiyo maana mkojo na choo vikikutana kwenye pampasi moja madhara yanakuwa makubwa kuliko kimoja peke yake, na choo cha maji ndicho kibaya kuliko vyote. Sasa chukua sabuni ya mche, ambayo pH yake ni kama 9 au 10, uipake juu ya ngozi hiyo mara tano kwa siku. Unaongeza magadi juu ya magadi, na yale mafuta ya asili ya ngozi unayaondoa kabisa.

Maji peke yake pia yanalainisha. Dada zetu wa mwani wanajua: ukishinda baharini tangu maji yanapokupwa, kamba ambayo asubuhi haikukwaruza, jioni inakukata. Ngozi ya makalio iliyokaa kwenye unyevu wa mkojo usiku kucha iko hivyo hivyo. Kumvuta mgonjwa juu ya shuka badala ya kumwinua kunatosha kuichana.

Kwa hiyo nawafundisha hivi. Maji ya vuguvugu, kwenye kopo. Chini ya mgonjwa tandika mpira na juu yake kitambaa kinene cha kunyonya. Mimina kutoka mbele kwenda nyuma, hasa kwa mwanamke, ili choo kisipelekwe kwenye njia ya mkojo. Kipande cha kanga kuukuu iliyokwisha kulainika ndicho kitambaa bora nikijuacho. Kipitishe bila kukandamiza. Choo kikiwa kimegandia, usikikwangue: lowesha kitambaa, kilaze hapo kwa dakika chache kilainike, au pitisha mafuta kidogo ya nazi kitoke chenyewe. Ukiona lazima utumie sabuni, iwe ya maji, laini, isiyo na manukato, mara moja kwa siku, na uisuuze yote. Kisha kausha kwa kugusisha kitambaa na kukiinua, wala usifute. Usisahau mikunjo: kinena, katikati ya makalio, chini ya tumbo kwa mwenye mwili. Mpe ngozi dakika kadhaa za hewa huku umemsitiri kwa kanga.

Baada ya hapo ndipo kinga, na kinga hii inatakiwa kabla ngozi haijaharibika, tangu siku ya kwanza mgonjwa anaposhindwa kuzuia. Mafuta ya mgando, yale ya kopo ya dukani, yanatosha kwa mtu wa mkojo peke yake. Yapake membamba. Ukiyapaka kama siagi juu ya mkate yanahamia kwenye pampasi, pampasi haifyonzi tena, na mkojo unarudi kwenye ngozi. Kwa mwenye choo cha maji nataka krimu ya zinki, kwa sababu inashika. Na zinki ina adabu yake: ikichafuka, ondoa tabaka la juu lililochafuka tu, upake nyengine juu yake. Watu wanahangaika kuing'oa mpaka ngozi iwe tupu, na kule kung'oa ndiko kunakotoa damu. Mafuta ya nazi nayapenda kwa miguu mikavu ya wazee, lakini mbele ya choo cha maji hayakai. Poda nimeikataza kila nyumba ninayoingia. Ikilowa inakuwa mabonge na mabonge yanakwaruza. Na ile dawa ya zambarau inaficha rangi ya ngozi, kesho yake hujui kama kidonda kinapona au kinapanuka.

Nikitaja rangi, nataka nikae hapa kidogo. Vitabu tulivyosomea vinasema tafuta wekundu. Ngozi zetu nyingi hazifanyi wekundu. Nimewahi kusikia mfanyakazi akisema "hana kitu, haijawa nyekundu" mbele ya mgonjwa aliyekwisha kuungua. Kwenye ngozi nyeusi tazama weusi uliozidi kuliko ngozi ya pembeni, au rangi ya zambarau, au mng'ao kama ngozi iliyovutwa. Pengine ngozi inapauka badala ya kuiva. Sogea dirishani au washa tochi ya simu uishike kwa ubavu. Halafu weka mgongo wa mkono usikilizie joto. Na zaidi ya yote muulize mwenyewe: "Panakuchoma? Panawasha?" Mzee asiyeweza kusema atakuonyesha kwa uso wake unapomgusa, au kwa vidole vya miguu kama yule bi mkubwa wa Konde.

Kuna vidonda vya kulala, na kuna kubabuka kwa mkojo na choo, na watu wa hospitali na wa nyumbani wanavichanganya kila siku. Kidonda cha kulala kinakaa penye mfupa: kwenye kifandugu, nyonga, visigino. Kina ukingo unaoonekana na mara nyingi kinakwenda chini. Kubabuka kunatambaa, hakuna mpaka, kunaingia kwenye mikunjo, katikati ya makalio, ndani ya mapaja, na mara nyingi kuko pande mbili. Wa kwanza dawa yake kubwa ni kuondoa mgandamizo, kumgeuza mgonjwa kwa ratiba. Wa pili unaweza kumgeuza usiku na mchana na asipone, kama bado analala kwenye majimaji. Nilimpokea baba mmoja aliyerudishwa nyumbani kutoka wodini na karatasi iliyoandikwa vidonda vya kulala, na familia ikambiwa wamgeuze kila baada ya saa mbili. Walimgeuza kwa uaminifu mkubwa. Nilipofungua pampasi, mifupa yote ilikuwa salama. Kilichoungua ni kinena na mapaja kwa ndani, na pembezoni kulikuwa na vipele vidogo vidogo vimetawanyika. Vipele vile vya pembeni ni alama ya fangasi, ambao hupenda joto na unyevu, na mtu wa sukari au aliyetumia dawa za kuua bakteria ndiye wanayemkamata upesi. Yule baba alihitaji krimu ya klotrimazoli na ngozi kavu. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na pale kwenye unyevu kidonda cha kulala nacho hupata njia nyepesi, kwa hiyo kumgeuza hakuachwi. Lakini lazima ujue unatibu nini.

Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji kilitoa mwaka 2017 mpangilio mwepesi wa kubabuka huku kwa mkojo na choo, ambao naupenda kwa kuwa hata asiyesoma uuguzi anaufuata: ngozi imebadilika rangi lakini ni nzima, au ngozi imefunguka; na kwa kila moja, kuna dalili za maambukizi au hakuna. Maswali mawili tu. Nawaambia wanaouguza wajiulize maswali hayo kila asubuhi wakati wa kusafisha, na waandike kwenye daftari, ili wa zamu ya usiku asianze kubahatisha.

Kabla ya kuzungumza habari ya krimu, mimi huuliza kwa nini mgonjwa anatokwa. Kiharusi hakielezi kila kitu. Mtu aliyekuwa akizuia hadi wiki iliyopita na leo hazuii apimwe mkojo, huenda ana maambukizi, na apimwe sukari. Na lipo moja linalowapoteza watu wengi: mgonjwa ana siku hajapata choo cha maana, halafu anaanza kutokwa na choo cha maji kidogo kidogo mchana kutwa. Nyumbani wanasema anaharisha, wanampa dawa ya kufunga. Kumbe choo kigumu kimekwama, na maji yanapenya pembeni yake. Dawa ya kufunga inazidisha. Mtu huyo anahitaji daktari amkague.

Halafu kuna hili la kumnyima maji. "Tumempunguzia, bi nesi, asije akakojoa sana." Naelewa wanakotoka, shuka ni nyingi na mfuaji ni mmoja. Lakini mkojo wa mtu asiyekunywa unakuwa mzito na mkali, unachoma zaidi, na choo kinakuwa kigumu mpaka tunarudi kwenye lile la juu. Mwacheni anywe, isipokuwa daktari amemzuia kwa ajili ya moyo au figo. Badala ya kumnyima, mpelekeni kabla hajahitaji: akiamka, baada ya kula, kabla ya kulala, na katikati kila saa mbili tatu. Kiti cha plastiki kilichotobolewa na ndoo chini yake, kikiwa imara, kimewatoa wazee kadhaa kwenye pampasi kwa mchana mzima. Wengi wetu tunakimbilia mpira wa mkojo, ule unaoingizwa kwenye njia ya mkojo, kwa kuwa unarahisisha kazi, na mpira huo ukikaa unaleta maambukizi. Una sababu zake za kuwekwa. Uchovu wa anayeuguza haumo kati ya sababu hizo, ingawa uchovu huo naujua na sidharau hata chembe.

Msimu wa karafuu ndio ninaoitwa zaidi. Kijiji kizima kiko mashambani tangu alfajiri, jioni kuna kuchambua, na mgonjwa anabaki na mtoto wa skuli ambaye hawezi kumgeuza wala haruhusiki kumvua. Pampasi ya asubuhi inakutwa Magharibi. Siwezi kumwambia mtu aache karafuu, ndizo chakula cha mwaka. Ninachoomba ni majirani wawili wapeane zamu ya adhuhuri, mmoja apite nyumba mbili. Imewezekana Mtambwe, kwa wanawake waliopangana wenyewe bila ya kungoja mtu.

Kwa wanaume tabu ni nyengine. Baba amelala, watoto wa kiume wako Unguja au Maskati, nyumbani yuko mkwe mwanamke ambaye hawezi kumtazama mkwewe, na mke mwenyewe ni mzee kama yeye. Matokeo yake baba anasafishwa mara moja, jioni, akija mpwa. Wazee wenyewe wanaona haya na wananyamaza. Mimi huwafundisha wanaume, kijana wa nyumba ya pili, mpwa, hata mjukuu aliyebaleghe, na nawafundisha kufanya kazi chini ya kikoi bila ya kumfunua mzee. Wanajifunza haraka, na mikono yao, niseme ukweli, huwa mipole kuliko tunavyowadhania.

Fedha ndiyo inayokwamisha mengi. Pencheni jamii, ile ya wazee wa Zanzibar, ilipoanza Aprili 2016, kwa wenye miaka 70 na zaidi, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na ukiinunulia pampasi peke yake ilikuwa haifiki mwisho wa mwezi. Ndiyo maana watu wanazivalisha mbili kwa pamoja ili "zidumu". Haidumu, ile ya ndani inabaki imelowa na joto linazidi. Afadhali pampasi moja nzuri ya usiku, na mchana vitambaa vya kanga vilivyokunjwa mara nne, vikibadilishwa kila vikilowa. Visuuzwe mpaka maji yatoke bila povu, maana mabaki ya sabuni ya unga yanachoma kama mkojo. Vianikwe juani. Wakati wa masika, nguo haikauki siku tatu, vipigwe pasi. Kitambaa chenye umande kinaleta fangasi. Na plastiki isiguse mwili kamwe. Mpira wa kutandika ukae chini ya shuka.

Ngozi iliyobadilika rangi ikihudumiwa hivi huanza kutulia kwa siku moja au mbili. Iliyofunguka inaweza kuchukua wiki moja hadi mbili kufunga. Ikiwa siku tatu hadi tano zimepita na huoni nafuu yoyote, usiendelee kubadilisha krimu za dukani, mpeleke hospitali. Mpeleke siku hiyo hiyo ukiona usaha, harufu mbaya isiyo ya choo, homa, ngozi iliyokufa na kuwa nyeusi, kidonda kinachokwenda chini, au mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Na mkifika, msikubali aandikiwe dawa akiwa amelala chali na shuka hadi kiunoni. Semeni kwa adabu, lakini semeni: "Daktari, tunaomba tumgeuze umtazame." Nendeni na daftari lenu, na nendeni na mtu wa pili wa kusaidia kumgeuza.